Sura ya Saba: Kona ya Kisian

Kitu cha kwanza alichokiona Elsie alipoingia ni shuka. Shuka la maua ya bluu, limefuliwa, limekamuliwa, likatandazwa juu ya baiskeli kuanzia usukani hadi keria, na juu ya kiti zimewekwa soksi mbili nzito na kitambaa cha kichwa cha mama mtu.

Alibaki mlangoni na mwavuli wake uliovunjika mbavu, maji yakimchuruzika hadi viatuni. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekataa kuisha. Desemba ilipita nazo, Januari ikazipokea, na watu wa Kondele wakawa wanaanika nguo ndani ya nyumba, juu ya viti, juu ya milango, juu ya kila kisichotembea. Baiskeli ya Dishon nayo ilikuwa haitembei. Lakini Elsie alipoliona shuka lile alijua kwamba Dishon ameacha kukanyaga.

Nawe uliyeingilia hadithi hii hapa katikati, ngoja nikupishe uketi. Dishon Ogola alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, na Elsie Nakhungu alikuwa abiria wake. Kila jioni alimtoa kwenye duka la ushonaji pale Kondele akampeleka kwa shangazi yake, na njia nzima Elsie alimsimulia mambo begani kwake, nani kagombana na nani, mteja gani kanenepa na hataki kukubali. Mapenzi yao yaliota hapo, mmoja akiwa ametazama mbele na mwingine akizungumza na mgongo. Kisha Juni moja lori lilimsukuma Dishon mtaroni, goti likavunjika vibaya, na baada ya plasta kutolewa daktari wa mazoezi akamwambia neno moja tu la maana. Goti hili likikaa bila kazi litakauka hivyo hivyo. Kanyaga baiskeli kila siku, usitoke nayo barabarani, na kila wiki ongeza uzito.

Ndipo Ochieng, fundi wa baiskeli, alipochomelea stendi ya chuma iliyoinua gurudumu la nyuma likawa halifiki sakafuni. Juu ya rimu akafunga kipande cha mpira wa tyubu chenye skrubu pembeni. Ukikaza skrubu, gurudumu linakuwa zito utadhani unapanda mlima. Ukilegeza, unakanyaga hewa.

Kifaa kilikuwa kizuri. Tatizo lilikuwa ukuta. Dishon alikanyaga siku ya kwanza akitazama ukuta, siku ya pili ukuta, na siku ya tatu akashuka akasema hawezi, maana jasho linamtoka na bado yuko mbele ya kalenda ile ile yenye picha ya ng'ombe. Elsie hakumhubiria. Alivuta kigoda akakiweka nyuma ya baiskeli, pale ambapo abiria angekaa, akasema, "Haya, tunatoka Kondele. Chunga huyo mama wa nyanya." Dishon akacheka, miguu ikaanza kwenda.

Tangu siku hiyo walisafiri kila jioni. Walielekea Bumala, kwao Elsie, na hawakuruka mahali. Otonglo walisimama wakala mahindi ya kuchoma. Kisian walipita moja kwa moja. Kilima cha Maseno kiliwachukua wiki nzima, skrubu imekazwa, Dishon akiguna, na Elsie akimwambia asitazame juu, atazame tu jiwe lililo mbele ya gurudumu. Kila alipoingia jioni salamu yao ilikuwa moja. Tumefika wapi?

Na haukuwa mchezo tu. Mzee Wakhisi, baba yake Elsie, alikuwa ametuma neno kutoka Bumala. Alisema hana ubaya na Mjaluo. Anachokataa ni kumpa binti yake mtu wa kuuguzwa. Pasaka kijana aje kwa miguu yake, bila gongo na bila kushikwa mkono. Asipokuja, basi kuna Walter, mwenye kinu cha kusaga mahindi pale sokoni, mtu mpole asiyekunywa pombe, ambaye amemuulizia Elsie kwa adabu mara nyingi na hajakasirika bado.

Mambo yalikuwa hivyo walipofika Yala. Halafu shule zikakaribia kufunguliwa, na kila mzazi wa Kisumu akakumbuka siku hiyo hiyo kwamba mtoto wake hana yunifomu. Elsie alishona toka asubuhi mpaka giza, akienda kwa shangazi kulala tu. Hakukanyaga kwa Dishon muda wote huo. Leo ndiyo mara ya kwanza, na analakiwa na shuka.

"Umenyeshewa," Dishon alisema kutoka kwenye kochi. Mguu wake ulikuwa umelazwa juu ya stuli, na gongo lake liliegemea ukuta.

"Nimenyeshewa."

"Si ukae basi."

"Umeacha kukanyaga."

"Nani amekwambia?"

"Hii shuka."

Elsie alilikunja shuka taratibu, kona kwa kona, kwa sababu mikono yake ilizoea kukunja nguo hata ikiwa na hasira. Chini ya shuka baiskeli ilikuwa safi. Cheni ilikuwa imepakwa mafuta, mafuta mapya, yanang'aa. Pedali hazikuwa na vumbi. Alizitazama, akamtazama Dishon, na uchovu wa siku zote zile ukampungua usoni.

"Umekuwa ukikanyaga."

"Kila siku. Mama amekuwa akikaa hapo kwako, ananiambia njia."

Mama mwenyewe, Perez, alikuwa uani chini ya upenu, akipika. Alikuja kumuuguza mwanawe tangu siku ile ya lori na hakurudi. Kule kwao Luanda Kotieno, ufuoni, hakuna aliyemwita Perez. Walimwita nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, kwa kuwa aliolewa kutoka kisiwa cha Rusinga ng'ambo ya maji, na Wajaluo humwita mke kwa jina la alikotoka mpaka siku anayozikwa. Perez naye alimwita Elsie "fundi", jina la kazi tu. Fundi amekuja, fundi kunywa chai, fundi usiku unaingia. Hakuwahi kumtukana wala kumnyima kiti, ila neno lile "fundi" Elsie alikuwa akilibeba mpaka nyumbani kila siku, na lilikuwa zito.

Leo alimshukuru kimoyomoyo. Alikaa ukingoni mwa kochi, akavua kiatu kimoja, akamimina maji nje ya mlango. "Basi niambie. Tumefika wapi?"

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kichwani. Aliwaacha Yala. Kama wamejikokota watakuwa Sidindi. Kama wamejitahidi, Ugunja, na kutoka Ugunja mtu anaanza kusikia harufu ya nyumbani.

Dishon alitazama mabati ya paa, pale yalipovuja.

"Dishon. Mmefika wapi?"

"Mbita," alisema.

Elsie alidhani mvua imemziba masikio. "Mbita gani?"

"Kwani ziko ngapi."

Iko moja, na haiko njia ya Bumala. Ukitaka Mbita unafika Kisian halafu unakata kushoto, unapita Holo na Kombewa na Ndori, unakwenda mpaka Luanda Kotieno barabara inapoishia majini, na hapo unangoja feri. Elsie aliijua njia hiyo kwa kusimuliwa tu. Alichokijua vizuri ni kwamba kila hatua yake inakwenda mbali na kwao.

Alivaa kiatu tena. "Tulikuwa Yala."

"Elsie."

"Tulikuwa Yala, tumepanda Maseno yote, ulikuwa unalia na mimi nalia nyuma yako. Mkarudi nyuma mpaka Kisian mkakata kona?"

"Ni stori tu, Elsie. Hii baiskeli haijatoka hapa."

"Sasa ndiyo imekuwa stori."

Aliinuka akashika pedali kwa mkono, akaizungusha mara moja. Gurudumu lilizunguka bila kipingamizi, likaendelea kuzunguka lenyewe, jepesi, likivuma kama pia ya kuchezea mtoto. Skrubu ilikuwa imelegezwa mpaka mwisho. Elsie aliliangalia mpaka liliposimama.

"Na hii ni nani alilegeza?"

"Njia ya huko haina vilima sana."

"Hata kimoja?"

"Mama alivitoa."

Wakati mwingine wangecheka. Dishon alijaribu, mdomo ukamkatalia. Alikuwa kijana mwenye uso mzuri, mwembamba, na miezi ile ya ndani ilikuwa imemfanya mwembamba zaidi. Alipotazama chini kope zake zilikuwa ndefu kuliko haki. Elsie aliziona, akachukia kwamba ameziona.

"Kuna kitu kingine," Dishon alisema. "Afadhali nikwambie mimi. Jumamosi kuna pikapu ya samaki inarudi Luanda Kotieno. Mama ameongea na dereva. Nitaenda nikae nyumbani kidogo."

"Na baiskeli?"

"Ochieng atakuja kutoa hiyo stendi. Ampatie mtu aifanyie kazi."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

"Na Pasaka?"

Nje, sufuria iligonga sufuria, kisha kukawa kimya, na nyumba za Kondele zilivyo, kimya cha uani maana yake ni mtu anasikiliza.

"Mimi nimechoka, Elsie," Dishon alisema mwishowe. Hakupaza sauti. "Si kuchoka mguu. Nimechoka hapa ndani. Unajua ni nini, mtu mzima kukanyaga na haendi? Unatoka jasho kama umefika Uganda, ukifungua macho ni ile ng'ombe ya kalenda. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Ukiwa hapo nyuma nasahau. Halafu hukuja. Sikulaumu, najua ni kazi. Lakini hukuja, na mimi nikaona vile iko. Hakuna barabara. Ni mimi tu na ukuta."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mwambie Mzee wako, Walter aje. Ni mtu mzuri. Ana miguu mbili."

Elsie alitaka kumpiga kwa shuka lile alilolikunja. Alitaka pia kulia, na hakutaka kulia, kwa hivyo akakaa kwenye kigoda chake nyuma ya baiskeli, akimpa mgongo, akaongea na ukuta wa upande wa pili.

"Wewe unadhani mimi nafanya nini huko dukani?" alisema. "Asubuhi naweka miguu kwa pedali ya cherehani. Jioni naitoa. Nimekanyaga siku nzima, tangu nitoke shule nakanyaga, na sijawahi kufika hata Kibuye hapo jirani. Jioni niko kwa kiti kile kile. Magoti yangu yanauma pia, hujawahi kuniuliza. Mwezi huu nimeshona marinda mpaka rangi ya bluu naiona nikifumba macho."

"Sikujua."

"Hukujua kwa sababu nikija hapa nakuja nikicheka." Alifuta pua kwa kiganja. "Unataka kujua naendaje? Siangalii yale marinda yote. Nikiangalia rundo nitatoka nje nisirudi. Naangalia pindo moja, lile lililo chini ya sindano. Likiisha, lingine. Na nikiwa nimechoka kabisa, hata pindo silioni, najiambia jioni nitakaa nyuma ya Dishon niseme barabara. Hiyo ndiyo ilikuwa inanisukuma. Wewe ulidhani nakuja kukusaidia wewe."

Dishon aliutazama mgongo wake, blauzi iliyomganda kwa mvua, uzi mweupe ulionasa kwenye nywele zake, na alimpenda kiasi cha kuona aibu. Miaka yote yeye ndiye aliyempa mgongo. Leo alijua jinsi ilivyo kuongea na mgongo wa mtu na kungoja ugeuke.

"Elsie, geuka."

"Sigeuki. Mwache Walter ageuke."

"Nilisema vibaya."

"Ulisema vile unafikiria. Uliniacha Yala, Dishon. Mimi niko kwa mashine, nasema moyoni, leo wako Sidindi, leo labda wameona Ugunja. Nafurahi peke yangu kama mjinga, hata yule mwenye duka ananiuliza nacheka nini. Kumbe mko kwa maji."

Mlango wa uani ulifunguka. Perez aliingia na sufuria ya chai mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, maji ya mvua yakimtiririka kutoka kichwani kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kimeanikwa kwenye kiti cha baiskeli. Alikuwa mwanamke mrefu, na miezi aliyolala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanawe ilikuwa imemwinamisha kidogo. Aliweka vikombe mezani. Hakumimina.

"Usigombeze yeye," alisema. "Ni mimi nilikata hiyo kona."

Elsie aliinuka kwa heshima. "Mama, sikuwa—"

"Kaa, kaa. Hii nyumba haina ukuta, nimesikia yote." Perez naye aliketi, kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti. "Hukukuja siku ya kwanza. Akakataa kupanda. Siku ya pili akakataa. Nikamwambia panda, akasema, Mama, nani ataniambia njia? Nikasema mimi. Nikakaa hapo kwa kigoda yako. Nikasema Yala, halafu nikanyamaza. Nikawaza na kuwaza. Mimi sijui mbele ya Yala ni nini, nyathina, mtoto wangu. Hiyo barabara yenu ya Busia sijawahi kupita hata siku moja. Nikamwambia, wacha turudi mahali najua, nitakuokotea mwanzo. Nikasema Otonglo. Nikasema Kisian. Baada ya Kisian kitu mdomo yangu inajua ni kwetu tu. Holo ikatoka. Kombewa ikatoka. Sasa ningefanya nini?"

"Na ile skrubu, Mama?" Elsie aliuliza polepole.

"Alikuwa anasaga meno. Wewe unaweza kukaa nyuma ya mtoto wako akisaga meno? Nikalegeza kidogo. Kesho kidogo tena."

Chai ilikuwa ikipoa kwenye sufuria.

"Tukafika Luanda Kotieno," Perez aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka kama ya mtu aliyetembea kweli. "Nilitaka tuishie hapo. Lakini feri ilikuwa imekuja. Nikaona wacha nivuke tu kidogo. Mamangu alizikwa huko Rusinga huyu akiwa hospitalini na mguu umefungwa juu. Watu wakaja kunichukua, nikasema siwezi kuacha kijana. Wakaenda. Wakamzika. Mpaka leo sijaona hata mahali alilazwa. Basi nikampeleka huyu feri, nikampeleka Mbita, jana tukaingia Rusinga mpaka kwa boma yetu. Nikasimama hapo kwa mama."

Alijifuta uso kwa kiganja, na kwa vile uso wote ulikuwa na maji ya mvua hakuna aliyejua amefuta nini.

"Alikuwa analia nyuma yangu," Dishon alisema, akimwambia Elsie, lakini macho yake yako kwa mamake. "Hakutoa sauti. Nilijua tu kwa vile alivyokuwa anasema majina, jina moja halafu ananyamaza sana. Nilitaka kusimama kule Kisian. Nilijua si njia yetu. Lakini ningesimamaje, Elsie? Angebaki wapi?"

Hasira ya Elsie ilitafuta mahali pa kusimama, haikupata. Alikuwa ameingia kwenye nyumba hii akijua nani amemkosea, na sasa anamwona mwanamke mtu mzima, mwenye nywele zilizolowa, aliyelazimika kupanda baiskeli isiyotembea ndipo afike kwa kaburi la mamake. Yeye mwenyewe hakuwa ameona Bumala tangu mvua zianze. Aliijua ile hamu. Ndiyo iliyomfanya aijue barabara nzima kwa moyo.

Alichukua kile kitambaa cha kichwa kutoka kwenye kiti cha baiskeli. Kilikuwa bado kibichi kidogo. Alimpa Perez kwa mikono miwili.

"Mama, mliwakuta wazima huko?"

Perez alimtazama kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole ya kifo kile hapa Kondele, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kwao. Alikifunga kitambaa kichwani polepole.

"Wazima," alisema. "Wanasalimia."

"Tumepokea salamu."

"Walisema pia tumekaa sana huko kwao." Perez alisimama. Alimimina chai vikombe vitatu, akakiweka cha Elsie kwanza, akakikorogea sukari mwenyewe. Kisha akamgeukia mwanawe. "Dishon, inuka. Panda."

"Mama, Jumamosi—"

"Jumamosi dereva aende na pikapu yake. Mimi nimeshafika nyumbani, nimesalimia, imetosha. Feri huwa inarudi pia. Panda turudi."

"Goti lina—"

"Najua lina nini. Nimelala nalo miezi yote hii. Panda."

Dishon alichukua gongo, akajivuta mpaka kwenye baiskeli. Elsie alitaka kumshika kiwiko, akajizuia, akakumbuka Mzee Wakhisi. Alipanda mwenyewe. Ilimchukua muda, na hakuna kilichokuwa cha kupendeza kukitazama, lakini alipanda. Alipokwisha kuketi alimtazama Elsie kando, macho yale yakimwuliza kitu ambacho mdomo ulishindwa kukiuliza mbele ya mamake.

"Angalia mbele," Elsie alimwambia. "Utagonga mtu."

Alivuta kigoda. Perez akamwahi, akaketi yeye, akamwashiria kochi. "Wewe kaa hapo utulize magoti. Sema njia, mimi nitamwambia. Nataka kuijua."

Basi walirudi. Walivuka maji, wakapanda Luanda Kotieno, wakapita Ndori na Kombewa na Holo, na kote huko Perez aliongoza mwenyewe kwa haraka, kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Kisian walikata kona. Hapo Elsie alisema, "Sasa Mama, njia inaanza kupanda," na Perez akainama kwenye gurudumu, akaishika skrubu kwa vidole vyake vyenye harufu ya moshi, akaikaza. Gurudumu likalia. Mabega ya Dishon yakapanda juu, na baada ya muda mfupi meno yake yakaanza kusagana.

Mkono wa Perez ulirudi kwenye skrubu. Elsie aliuona. Ulikaa pale juu ya chuma, kisha ukaondoka ukashika ukingo wa kigoda, ukabaki hapo.

"Hii ndiyo Maseno?" aliuliza.

"Bado, Mama. Hii ni Lela. Maseno ni mbele."

"Hiyo ni mbaya kuliko hii?"

"Mbaya sana."

"Mos, wuoda," Perez alimwambia mgongo wa mwanawe. "Pole pole. Usiangalie juu. Angalia jiwe iko mbele yako." Elsie alishtuka kidogo. Hayo yalikuwa maneno yake, na Perez aliyasema kama ambavyo yeye huyasema. Kumbe siku zote zile, akiwa uani na sufuria zake, alikuwa akisikiliza.

Elsie alikunywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi kuliko anavyopenda, na aliinywa yote. Joto lilimshuka mpaka miguuni, na uchovu aliokuwa ameubeba tangu kabla ya shule kufunguliwa ukamlalia mzima mzima. Aliegemea kochi. Alifumba macho na kwa mara ya kwanza hakuona bluu.

"Baada ya Maseno?" sauti ya Perez iliuliza.

"Luanda. Si ile yenu, hii ni Luanda nyingine."

"Baada ya hiyo?"

"Yala."

"Yala najua. Hapo ndipo nilipotea. Baada ya Yala?"

"Sidindi. Halafu Ugunja. Sega. Halafu Bumala, Mama, ukiona soko upande wa kushoto."

"Sidindi, Ugunja, Sega," Perez alirudia, akiyapanga mdomoni. "Sidindi, Ugunja, Sega." Gurudumu lilikuwa linalia kwa uzito, zito na polepole, na Dishon alikuwa akihema, lakini hakusimama. "Na nikifika hapo sokoni niulizie nani?"

Elsie alifumbua macho. "Wewe, Mama?"

"Unadhani kijana huenda kuposa peke yake kama hana watu? Pasaka atatembea mbele, kwa miguu yake, vile baba yako anataka. Mimi nitakuwa nyuma. Lakini sitaki kusimama kwa soko ya watu nikiuliza uliza. Mama yako anaitwa nani?"

"Nabututu."

"Nabututu," Perez alisema. Alilisema tena, polepole, kama alivyoyasema majina ya Rusinga. "Haya. Pumzika."

Elsie alifumba macho tena. Mvua ilipungua juu ya mabati, na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti ila ya mpira kwenye rimu, na ya Perez akihesabu vituo kwa minong'ono, akikosea, akirudia. Kisha minong'ono ikaacha. Alisikia kigoda kikivutwa, na shuka lile la maua ya bluu, ambalo lilikuwa limekauka nusu tu, likimfunika miguu.

"Punguza kelele," Perez alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini. "Nyar Bumala amelala."

Miguu ya Dishon ilisimama. Gurudumu likanyamaza kabisa, nyumba nzima ikanyamaza, kisha taratibu likaanza tena kuzunguka. Elsie hakuwa amelala. Lakini hakufumbua macho.